Deki ya Bi Somoe

Jumatatu, 8 Julai

Pasi mbili, feni moja, redio ya Mwalimu Eliya. Pasi ni waya tu. Feni imekufa kabisa, nimemwambia mwenyewe akaizike. Redio bado inakoroma kama Fatu.

Fatu ni mke wangu. Mwandiko wangu hausomi, ndiyo maana naandika hivi. Darasa la nne nilimaliza, la tano niliwaachia mbuzi wa baba.

Saa nne bajaji ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka Bi Somoe wa Naliendele, mjane wa Mfaume. Dereva kamshika mkono. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, meupe kama tui. Kapakata deki ya sidii ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Nikamwambia, karibu mke wangu. Akasema, "Mume gani wewe, una meno manne." Fatu yuko ndani anasikia. Amezoea. Ukoo wa Mfaume na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na mke wa mtani ni mke wako wa mdomoni. Siku hizi mdomoni ndiko nilikobaki na nguvu.

Shida yake: deki imemeza sidii, haitoi. Ukiiwasha inaunguruma, inakata. Na ndani ya sidii yumo Mfaume. Miaka miwili tangu tumzike, kila siku baada ya alasiri anaiweka anamsikiliza. Picha haoni. Sauti inamtosha. Sasa Jumatano ya wiki ijayo madaktari wa macho wanamfanyia upasuaji wa jicho la kulia hospitali. Kesho yake bandeji inatoka. Anataka mtu wa kwanza kumwona kwa jicho jipya awe Mfaume. Si mtoto, si jirani, si mimi na meno yangu manne.

"Ausi, sidii ni hii moja. Ukinivunjia, umenifishia mume mara mbili."

Hakuna utani hapo. Kasema kavu. Nikaahidi, haraka kuliko inavyofaa fundi.

Deki inanuka salfa.

Jumanne, 9 Julai

Kazi ya deki ina adabu yake. Kwanza chomoa plagi. Si kuzima swichi. Chomoa, uilaze mezani mbele yako uione. Pili kahawa, kikombe kimoja, bila haraka. Tatu ndipo bisibisi.

Wapita njia wananiona mvivu na kikombe changu. Hawajui kwamba mle ndani, upande wa umeme, mna kapasita. Kidude kama betri fupi nene. Plagi imelala mezani na chenyewe bado kimeshiba. Kidole changu cha shahada hakisikii moto wala baridi tangu nilipokuwa kijana mwenye haraka. Kwenye tahiyatu nainua kidole maiti. Mungu anaelewa.

Nne, balbu. Nina balbu ndogo ya wati kumi na tano, nyaya mbili, ncha zake nimezivika plastiki. Mkono mmoja nautia mfukoni, umeme usipate njia ya kupita moyoni. Mwingine unagusisha ncha kwenye miguu ya kapasita. Balbu inakonyeza mara moja, umeme umeshanyweka. Napima kwa mita. Ikisema sifuri, nashika.

Deki hii haijaona soketi tangu itoke kwa Bi Somoe. Siku nzima na ushee. Nilitegemea balbu ilale tu. Ikakonyeza. Nikacheka, nikaiambia, mchawi wewe. Nikagusisha tena kwa mazoea. Ikakonyeza tena. Kapasita hurudisha umeme kidogo, hilo nalijua. Kidogo hicho hakiwashi balbu. Mara ya tatu ikalala. Mita sifuri.

Sikuendelea. Nikaifunika na kanga yake. Fatu nimemwambia mgongo unaniuma.

Jumatano, 10 Julai

Mtaa wetu wote wa Chuno hauna umeme. Gesi inachimbwa humu humu kwetu na sisi tunapepea mkaa. Lakini kwa kazi ya leo giza la soketi ni salama yangu.

Nimefungua. Unga wa njano kila pembe. Salfa, ile ya kupulizia mikorosho. Mfaume alikuwa anaweka mifuko yake chumba kile kile anacholala, na deki juu ya mifuko. Nilimwambia akiwa hai, utakufa na mafua ya njano. Alikufa kwa moyo. Hata kunipa ushindi mdogo alikataa.

Nimepuliza kwa pampu ya baiskeli, kitambaa puani. Mkanda wa mpira unaovuta mdomo wa deki umeyeyuka, umekuwa ugoro. Ndiyo maana haufunguki. Nimetoa mkanda kwenye redio kaseti iliyokufa zamani. Umekaa sawasawa. Nikazungusha gia kwa kidole, polepole, mdomo ukafunguka, sidii ikatoka.

Haina hata mchubuko. Juu imeandikwa kwa kalamu nene: MFAUME. Basi.

Nikasafisha jicho la deki, kile kioo kidogo kinachosoma sidii. Pamba kwenye kijiti, tone la spiriti, zungusha kama unampaka mtoto wanja. Jicho hilo likiwa linafanya kazi usilichungulie. Taa yake haionekani vizuri lakini inachoma. Plagi nje ndipo unalisogelea. Nalo lilikuwa na utando, jeupe kama la Bi Somoe. Nikaliambia, wewe hukai foleni ya hospitali.

Nimefurahi leo. Kazi nyepesi. Kesho umeme ukirudi najaribu.

Alhamisi, 11 Julai

Afadhali ningekataa ile kanga tangu bajajini.

Umeme ulirudi saa tano. Nikaunga deki kwenye tivii yangu ndogo, nikaweka sidii. Ikasoma. Ukumbi wa nyumba ya Mfaume, watu tele wamekaa kwenye mikeka. Kiti chake cha kamba. Kanzu yake ile yenye kiraka cha mfuko. Kofia yake. Fimbo. Anakohoa, anagonga fimbo chini, anadai uji. Watu wanacheka wanajipangusa machozi.

Nikasogea. Meno manne.

Ni mimi.

Siku ya tatu ya msiba, siku ya kuanua tanga. Kwetu mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu. Anakohoa kama yeye, anatukana kama yeye, anagoma kutoka kitini mpaka apewe chake. Watu wakicheka, msiba unapungua uzito. Mfaume nilimjua miaka hamsini, nilimwiga mpaka ndugu zake wakaomba nipumzike. Nilijisifu mwezi mzima. Kumbe kulikuwa na mpiga video. Kaandika MFAUME kwa maana ya msiba wa Mfaume. Watu wa nyumbani wakasoma jina, wakampa mjane. Mjane haoni.

Miaka miwili Bi Somoe anakaa na mimi kila alasiri. Anajibizana na mimi. Naye anadhani yuko na mumewe.

Alhamisi ijayo anafungua jicho.

Nimeona aibu, na si mtu wa aibu mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemwambia Fatu baada ya swala ya Ijumaa. Nilidhani atacheka. Akaacha kuchambua mchele.

"Mwambie."

Nikasema sidii inaweza kugoma kusoma. Zinagoma nyingi. Fundi yeyote atathibitisha. Bi Somoe akibaki hajui, abaki na mume wake wa masikioni. Akijua, hana mume wala sauti, ana mimi na kanzu iliyonibana.

Fatu akasema mimi maisha yangu yote nimepita mlango wa nyuma. Kweli. Hata kumuoa yeye nilipita mlango wa nyuma. Hilo hakulipenda.

Mpaka sasa sijaamua. Deki iko mezani. Plagi iko mezani. Naziona zote mbili.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimeirudia yote, mwanzo mpaka mwisho, nimefumba macho kama Bi Somoe. Nilitaka nijue anasikia nini.

Nilikuwa mwizi mzuri. Kikohozi kile kile. "Haya, nani amekufa hapa?" vile vile alivyokuwa akiingia msibani kwa watu. Nikaanza kujipongeza.

Halafu vicheko vyote vikakatika. Kama mtu amefunga dirisha. Ikaja sauti ya Mfaume, chini, imechoka, ya mtu aliyetoka shamba.

"Sindano. Funga mlango. Salfa inaingia."

Vicheko vikarudi.

Nikafumbua macho, nikarudisha nyuma. Sehemu ile kwenye picha nakunywa uji. Bakuli limenifunika mdomo na pua. Nameza, koo linaonekana linavyopanda na kushuka. Nyuma yangu mlango wa chumba, pazia la kijani. Watu kwenye mikeka wako midomo wazi wanacheka, na sauti yao haipo. Sauti ipo moja tu, na mimi nameza.

Maneno hayo sikuyasema. Sindano ni nani?

Nikamwita Mwalimu Eliya, mpangaji wetu, mtu wa Bukoba, anafundisha fizikia. Haamini hata mafua ya kuku mpaka aone kuku. Akasikiliza. Akasema, "Mzee wangu, sidii hizi za mtaani sauti huachana na picha. Ulisema mahali pengine, ikaangukia hapa." Nikamwambia nionyeshe hapo pengine. Akarudisha nyuma, akapeleka mbele, mara tatu. Chai yake ikapoa ikaota utando. Mwisho akasema ana vitabu vya kusahihisha. Akachukua na redio yake. Sijaitengeneza.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda Naliendele kwa bodaboda. Nilijiambia nakwenda kutubu. Mikorosho imeanza maua, watu wako mashambani na pampu za mgongoni, vumbi la njano linapita barabarani kama moshi. Nilifika nina meno manne ya dhahabu.

Bi Somoe yuko ukumbini, anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kwa vidole, haangalii, hakosei. Ukumbi ni ule ule wa kwenye sidii. Kiti cha kamba kipo. Pazia la kijani lipo, limefifia. Sikukaa kwenye kiti. Nikakaa chini kama mgeni wa haya, akaniuliza kama naumwa.

Nikamwambia deki imepona. Akashika mikono yangu yote miwili. Hapo ndipo pa kusema. Nikafungua mdomo, kikatoka kichekesho. Ndivyo nilivyo. Nikamuuliza, mke wangu, hivi yule marehemu wako mkiwa wawili alikuitaje? Maana mbele za watu alikuita mama fulani kama vile amekukuta njiani.

Akacheka. "Huna haya wewe. Nimekufichia mengi, hili nalo unalitaka." Akamenya mng'oko mzima ndipo akasema. Sindano. Kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo na ukimkanyaga utajua. Jina la chumbani. Halijawahi kuvuka lile pazia, watoto wake hawalijui. Mimi ndiye wa kwanza, maana mtani hahesabiwi mtu.

Baridi ikaniingia mikononi mpaka kile kidole kilichokufa. Miaka arobaini hakijasikia kitu. Leo kilisikia.

Akauliza, "Mbona umenyamaza? Wewe hunyamazi."

Nikasema nina safari. Akanipa ming'oko. Nikaondoka nimebeba mfuko na uongo wangu mzima mzima.

Jumatano, 17 Julai

Asubuhi wamemfanyia jicho. Binti yake amempigia Fatu, imekwenda salama. Kesho asubuhi bandeji inatoka, mchana atakuwa nyumbani, Ausi alete deki.

Umeme umekatika tangu alfajiri. Fatu kaenda sokoni. Saa sita, jua la utosi, mtaa mzima umejificha ndani. Nikachukua sidii na msumari wa nchi tatu.

Niyaandike mawazo yangu kama yalivyokuwa, hakuna mwingine wa kuyasoma. Niliwaza: mstari mmoja tu, kutoka tundu la katikati mpaka ukingoni. Nitasema deki iliikwaruza kabla sijaifungua. Atalia wiki, mwezi, atakufa siku moja akiamini. Aibu yangu itakufa naye. Niliwaza aibu yangu kwanza, yeye baadaye. Ndiyo hivyo.

Deki ilikuwa wazi mezani, kifuniko nimekitoa kupuliza salfa ya mwisho. Plagi imelala mbele yangu. Balbu nilikuwa nimeitumia jana kuitoa deki umeme, nikaisahau, ncha zake bado zimebana miguu ya kapasita. Imelala tangu asubuhi.

Nikaweka ncha ya msumari kwenye sidii.

Balbu ikakonyeza.

Hakuna umeme Chuno. Hakuna umeme kwenye waya. Nikainua msumari. Nikangoja kama nusu saa, labda dakika mbili. Nikaushusha tena. Ikakonyeza tena, ndefu zaidi, nyuzi zake zikabaki nyekundu kama kijinga cha moto, halafu ikafa.

Na harufu ya salfa, mpya, kama mtu kapita na pampu hapo mlangoni.

Nimeweka msumari chini. Nikasema samahani. Sijui nilimwambia nani. Nikafunga kifuniko cha deki, parafujo zote nne, mkono mmoja mfukoni kama mjinga.

Kesho nampelekea. Aone atakachoona.

Alhamisi, 18 Julai

Nimerudi saa hizi. Naandika kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Tulikwenda mimi na Fatu. Sikutaka kwenda peke yangu. Bi Somoe kakaa kwenye mkeka, jicho la kushoto bado jeupe, la kulia jekundu na linatoka machozi, lakini jeusi katikati. Jeusi kabisa. Liliponigeukia nilitamani kujificha nyuma ya Fatu.

Akaniangalia muda. "Lo. Umechakaa, Ausi."

Nikasema na wewe hukubaki mwari. Nikaunga deki. Nikachomeka waya mwekundu kwenye tundu jeupe, nikachomoa, nikaanza upya. Akataka asogezwe mpaka magoti yakaribie tivii. Binti yake alikuwa jikoni. Fatu kakaa karibu na ukuta, anamwangalia Bi Somoe, tivii hakuigeukia hata mara moja.

Nikasema, kabla hujaangalia, nina neno.

Akasema, "Washa."

Nikawasha.

Ukumbi, mikeka, kiti, kanzu. Kikohozi. Fimbo. "Haya, nani amekufa hapa?" Bi Somoe akainamisha shingo. Akaangalia. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua ndiyo basi, nimemuua.

Alikuwa anacheka. Kacheka mpaka akashika kiganja chini ya jicho, Fatu akainuka kumzuia asiliharibu. "Kanzu ya watu imekubana tumboni," akasema. "Na uji umenimwagia kwenye mkeka wangu wa harusi, kumbe ni wewe, nimewasingizia watoto."

Nikamwambia, Somoe, nisamehe, ni mimi. Ni mimi miaka yote miwili.

Akanigeukia na lile jicho jekundu. Akasema polepole, kama anamfundisha mtoto:

"Mtani, nilikujua tangu siku ya kwanza. Nimelala na mwanamume yule miaka arobaini, wewe ukohoe nisikujue? Sikai kukusikiliza wewe. Nakuvumilia tu mpaka unywe uji."

Halafu akanyoosha mkono. "Nyamaza. Anakuja."

Kwenye picha nikainua bakuli. Vicheko vikakatika. Mle ukumbini napo pakanyamaza, kuku nje, kinu jikoni, vyote. Ikaja ile sauti. Sindano. Funga mlango. Salfa inaingia.

Bi Somoe alikuwa hanitazami mimi kwenye picha. Anatazama nyuma yangu, pale kwenye pazia la kijani. Akasogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kanga.

"Amekonda," akasema.

Nilitazama. Wallahi nilitazama kwa macho yangu yote mawili mazima. Niliona pazia.

Vicheko vikarudi. Bi Somoe akashika sakafu, akainuka mwenyewe, akaenda mpaka kwenye mlango wa nje. Kule ng'ambo watu walikuwa wanapuliza mikorosho, vumbi linakuja. Akaufunga. Akaweka na komeo. Akarudi kukaa, kama mtu aliyemaliza kazi ya jioni.

Kabla hatujaondoka akanipa kanzu. Ameifua, kiraka cha mfuko kimeshonwa upya. Akasema siku yake ikifika nije na sauti yake, niifanye vizuri, na nisimkohoze. Yeye hakohoi.

Tulipofika nyumbani Fatu akasema pazia kwenye tivii lilikuwa halitikisiki, na upepo ulikuwepo. Kumbe aliangalia.

Jumapili, 4 Agosti

Deki nyingine leo, ya mtu wa Ufukoni. Ya kawaida, mende wamezalia humo. Chomoa. Plagi mezani. Kahawa.

Redio ya Mwalimu imerudi. Aliileta mwenyewe, akaiweka, hakukaa. Kauliza akiwa mlangoni kama ile kazi ya Naliendele iliisha. Nikasema iliisha. Akasema vizuri.

Bi Somoe anaendelea na lake kila alasiri, jicho la pili wanamfanyia mwezi ujao. Ametuma ming'oko. Nimeambiwa sasa anakaa kimya sehemu zangu zote, nikinywa uji ndipo anasogea.

Kanzu iko msumarini nyuma yangu, humu kibandani. Fatu kakataa ilale ndani.

Jua kali, hakuna upepo. Mtaa mtulivu, watoto madrasa. Nikiwa nangoja kahawa ipoe nikajaribu sauti ya Bi Somoe, maana ahadi ni deni na mimi sijui nani atatangulia. Yake iko juu kidogo, inatokea puani, neno la mwisho analibana. Mara ya kwanza haikukaa. Mara ya pili ikakaa.

Nikasema, "Mfaume. Mlango."

Mlango wa kibanda ukajifunga nyuma yangu, taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye mikono michafu ya salfa, kwa kiwiko.

Sikugeuka. Nilimaliza kahawa.